Maili Elfu Kumi kwa Mwaka

Saginaw, Michigan
Mei 20

Mdogo wangu Garrett,

Pokea salamu zangu kwanza, na za Rodney, na za binti yetu Kirsten pia, ingawa yeye hajui kwamba nakuandikia. Natumaini barua hii itakukuta umepona kile kikohozi ulichomlalamikia Mama wakati wa Pasaka, na kwamba jino lako wameshaling'oa badala ya kukupa vidonge vya maumivu kila wiki. Sisi huku tunaendelea. Theluji imekwisha, mto umejaa hadi kwenye bustani za watu, na mbu wameanza mapema. Kiwandani kwa akina Rodney wamepunguza zamu tena, kwa hiyo siku mbili za wiki anashinda nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Mimi bado niko mapokezi kwa daktari wa mifugo. Juzi mbwa mmoja alinitafuna mkono wa sweta nikiwa naandika jina lake. Presha ya Mama imetulia. Magoti ni yale yale.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Miaka miwili na nusu umekuwa ukipata kadi za Krismasi zenye sahihi ya Rodney, na hata hizo Rodney ndiye aliyezinunua. Najua pia kwamba hii unayosoma si karatasi niliyoshika mimi bali ni nakala, maana Mama aliniambia siku hizi huko mnapewa nakala tu. Ukikuta mahali pamefifia, usidhani nilikuwa nalia. Ni mashine yao.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyomwambia Mama ile Jumapili ya Siku ya Akina Mama. Hukujua kwamba nilikuwepo. Nilikuwa kwenye sinki nikimenya viazi vya saladi, na Mama, kwa vile sikio lake la kushoto limekuwa zito, alikuwa ameiweka simu mezani kwenye spika. Nilisikia yote. Nilisikia ukimwambia kwamba binamu Dale amekuandikia habari ya gari jipya jeupe. Kwamba alipokuwa na mkweche alikuja kukuona kila baada ya wiki mbili, na sasa amepata gari zuri, ghafla magoti yanamuuma. Ulisema, "Tembea nalo mjini basi, Mama. Waringishie watu. Mimi niache nioze." Kisha dakika zenu zikaisha na simu ikakatika.

Mama aliniuliza kama viazi vimetosha. Nikasema vimetosha. Akaenda bafuni akafungua maji, na maji yakatoka muda mrefu kuliko mtu anavyonawa. Aliporudi tulikaa tukala pierogi zake, zile za unga za kuchemsha zenye jibini ndani unazozipenda. Alikula mbili akazisukuma, akasema chumvi imezidi. Haikuwa imezidi.

Siku ile nilitaka nikuandikie papo hapo, na bahati yako sikuandika, maana wakati ule hata mimi nilikuwa sijui kiini cha jambo lenyewe. Nimekijua Ijumaa iliyopita. Sasa nataka nikueleze habari ya magari haya mawili tangu mwanzo, taratibu, na wewe unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu umemhukumu Mama bila kusikia kesi yake. Samahani kwa maneno hayo, lakini siyafuti.

Lile gari la zamani wewe hukuliona tena baada ya usiku ule ulipomgonga Micah Dostal. Polisi walilishikilia mpaka kesi ilipokwisha, wakamrudishia Mama kwa kuwa ni lake na jina lake ndilo lililokuwa kwenye karatasi. Boneti ilikuwa imekunjamana na kioo cha mbele kimepasuka upande wa kulia. Bima yake ilikuwa ile ya kuwalipa wengine tu, kwa gari lake haikumpa kitu. Mama alitafutiwa kioo na boneti kwenye yadi ya magari mabovu. Boneti iliyopatikana ilikuwa ya kijani. Gari la rangi ya fedha lenye uso wa kijani: mtaa mzima ukalijua. Rodney alijitolea kulipaka rangi bure, Mama akasema rangi ya nini, gari linatembea.

Na lilitembea. Kila Jumamosi ya pili aliondoka saa kumi alfajiri na chupa yake ya kahawa na mikate ya soseji, akaelekea kaskazini, akavuka lile daraja refu akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, akafika kwako mchana. Alikuambia analala kwa rafiki yake mmoja wa zamani huko. Hana rafiki huko, Garrett. Wakati wa baridi alilala nyumba ya wageni ya madereva wa malori. Wakati wa joto alilala ndani ya gari, nyuma ya kituo cha mafuta, na asubuhi akanawa uso chooni kwao ndipo akaja kukaa nawe mara ya pili kabla ya kurudi. Ana miaka sabini na moja. Kama alikuja na nywele zimelala upande mmoja, ndiyo sababu.

Mwezi wa pili hita ilikufa, na nikalipeleka gari kwa Orville, fundi wetu. Aliliinua juu, akaniita chini yake nione. Ile chumvi wanayomwaga barabarani kila baridi kuyeyusha barafu ilikuwa imeila chesisi. Orville alichukua bisibisi akachokoa, na bisibisi ikazama kama inaingia kwenye keki. Akasema, "Janelle, gari hili simpi hata mkwe wangu, na unajua mkwe wangu simpendi." Nilimuuliza litadumu muda gani. Akasema linaweza kudumu mwaka, linaweza kukatika katikati siku ya Jumanne, na hawezi kuliunga kwa sababu hakuna chuma kizima cha kuungia.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Rodney, na Rodney unamjua, habari ya magari ndiyo dini yake. Nyumbani kwetu tunaishi kwa magari ya kukodi. Tunayachukua mapya, tunayatumia miaka mitatu, tunayarudisha, tunachukua mengine. Baada ya siku chache akaja na tangazo. Gari dogo jeupe, jipya, la kukodi kwa miaka mitatu, bila malipo ya kuanzia, na fedha za kila mwezi zilikuwa pungufu ya zile ambazo Mama alimpa Orville mwaka uliopita kwa kulihuisha lile bovu. Breki zinazojishika zenyewe mtu akitokea mbele. Rodney alipofika hapo kwenye breki aliruka mstari, akasoma habari ya viti vyenye joto.

Tulimpeleka Mama akalione. Alilizunguka, akakaa ndani, akashika usukani, akasema ni zuri. Kijana aliyekuwa anatuhudumia, mwenye masharubu membamba, alimweleza yote kwa adabu. Mama akauliza jambo moja tu: ataruhusiwa kwenda umbali gani. Kijana akasema maili elfu kumi kwa mwaka, na zikizidi kila maili ina faini yake mwisho wa mkataba. Akacheka akasema, "Lakini wewe Mama utaenda kanisani na dukani. Zitabaki mpaka uzigawe." Mama akamwambia ana mwana kaskazini, mbali kupita Daraja. Kijana akauliza anafanya nini kule, anavua samaki? Mama akasema, "Yuko gerezani." Yule kijana akaanza kuzipanga kalamu zake mezani.

Mama alipiga hesabu kichwani kabla mimi sijatoa simu. Unamjua, miaka yote ile jikoni shuleni akihesabu sahani za watoto. Kuja kwako na kurudi ni karibu maili mia saba. Kwa mtindo wake wa kila wiki mbili, maili zote zingeisha kabla majani hayajaanza kudondoka, na hapo hajaenda kanisani hata mara moja. Ukitoa kanisa, daktari, duka, na kuja kwetu, safari zinazobaki za kwako ni nne kwa mwaka. Labda tano. Akasimama, akafunga vifungo vya koti, akasema, "Basi silitaki."

Kuanzia siku ile tukawa tunagombana kwenye simu. Nilimwambia gari lile litamkatikia juu ya Daraja. Akasema, "Likatike nikiwa nakwenda. Afadhali kuliko nikiwa nimekaa." Rodney akatafuta gari lingine lililotumika, lenye umri lakini zima, ila bei za siku hizi zinatisha, na Mama bado analipa ule mkopo wa wakili wako, kwa hiyo benki haikutaka kumsikiliza. Nikamwambia alipe hiyo faini ya maili. Akaniuliza kwa fedha gani. Nikakasirika, nikasema neno ambalo nalijutia, nikamwambia Garrett anaweza kungoja, haendi popote. Alikata simu, na kwa siku kadhaa akawa ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu, kama mimi ni mtu wa posta.

Nami nikaacha. Nilijiambia ni mtu mzima, gari ni lake. Kila Jumamosi ya safari nilikuwa naamka mapema bila sababu, nasikiliza habari za barabara redioni.

Halafu Ijumaa moja ya Kwaresima, mwisho wa mwezi wa tatu, akanipigia kazini. Hakunisalimu hata. Aliuliza, "Yule kijana wa masharubu bado analo lile jeupe?" Nikasema nitauliza. Nikamuuliza yeye nini kimebadilika. Akasema amechoka, magoti yanamuuma kwenye safari ndefu, mara nne kwa mwaka zinatosha kwa mwanamke wa umri wake. Mdogo wangu, nilifurahi mno nikasahau kumuuliza jambo lolote. Nilimpigia Rodney nikamwambia nimeshinda. Ndivyo nilivyosema. Nimeshinda.

Siku ya kutia sahihi, kijana akasema wanaweza kulichukua lile gari la zamani, walipeleke mnadani, na kumpunguzia Mama malipo ya mwaka wa kwanza. Si haba kwa gari lililooza. Mama akasema hapana, lile linakwenda kusagwa. Rodney akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikamnong'oneza Mama kwamba anatupa fedha. Akasema anajua anachotupa. Kesho yake, nikiwa kazini, alilipeleka mwenyewe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na nilipomuuliza alirudije, akasema alipata lifti.

Hayo ndiyo niliyoyajua mpaka ile Jumapili ya simu yako. Na nikuambie ukweli, uliposema yale maneno, pamoja na hasira zangu, sehemu fulani ya moyo wangu iliona kwamba hukukosea sana. Hata mimi niliona si kawaida yake kuacha hivi hivi. Mwanamke aliyelala nyuma ya kituo cha mafuta ili akuone mara mbili, ashindwe na magoti?

Sasa sikiliza ya Ijumaa iliyopita.

Nilikwenda kununua maua kwenye lile banda la parokia, kwa ajili ya kaburi la Baba, kama tunavyofanya kila mwaka mwezi huu. Nilipoinua kichwa nikamwona Yvonne Dostal, mama yake Micah, amebeba kasha la maua mekundu. Tangu kesi yako nimekuwa nikimkwepa. Ile familia haikuwahi kutufanyia ubaya, hilo ndilo linalofanya iwe vigumu. Angekuwa ametutukana ningejua pa kuweka macho. Nilijificha nyuma ya miche ya nyanya, mtu mzima na akili zangu. Lakini alikuwa ameshaniona, akaja moja kwa moja.

Alinisalimu kwa jina. Akauliza habari ya Kirsten, kama bado anacheza mpira wa magongo kwenye barafu. Nikasema anacheza. Kisha akasema, "Mwambie mama yako asante kwa lile gari. Siku ile sikuweza kumwambia sawasawa."

Nilimwambia simwelewi. Alinitazama akaona kwamba kweli sijui, na nadhani alitaka kuondoka, lakini akaliweka kasha chini akaniambia.

Unaikumbuka nyumba yao, pale kwenye makutano, karibu na kibao cha kusimama. Dirisha la jikoni linatazama barabara. Mama hana njia nyingine ya kutoka mtaani kwake, kwa hiyo kila alipokwenda kanisani, au dukani, au kwako, alisimama na lile gari mbele ya dirisha la Yvonne, kama sheria inavyotaka, akatazama kushoto na kulia, akaendelea. Mara mbili kwa siku, siku nyingine mara nne. Miaka miwili. Yvonne alisema alijaribu kuosha vyombo saa nyingine. Alijaribu pazia. Akasema, "Nilijua ni Bernadine. Nilijua amekaa mle ndani na miwani yake. Lakini kila mara macho yangu yalianza na mbele ya gari."

Ile Ijumaa ya Kwaresima, asubuhi, alivaa koti akaenda kugonga mlango wa Mama. Hakuwa amewahi kuukanyaga mlango ule. Aliniambia hakwenda kumlazimisha, kwa sababu hana haki hiyo, na alitegemea kukataliwa, au kuambiwa asubiri mpaka fedha zipatikane. Alisema, "Alinikubalia kabla sijamaliza sentensi. Mimi nikabaki na maneno yangu yote mdomoni."

Nilisimama pale na maua ya Baba mkononi. Nilitaka nimwambie, unajua ulichomwomba? Unajua lile gari lilikuwa linampeleka wapi? Hakujua. Niliona usoni kwake kwamba hajui kabisa; kwake yeye mwanamke mwenzake ameacha mkweche akapata gari jipya zuri, na wote wawili wamepumzika. Kisha akainama kuokota kasha lake la maua mekundu, na nikakumbuka yanakwenda kwenye kaburi la nani. Nikasema nitamfikishia salamu.

Nilikwenda kwa Mama moja kwa moja. Alikuwa nyuma ya nyumba anapanda vitunguu, amepiga magoti juu ya mto wa kochi. Nilisimama nyuma yake. Akasema bila kugeuka, "Kwa hiyo umeonana na Yvonne." Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Kwa unavyopumua."

Alinieleza akiendelea kupanda. Yvonne alikataa kahawa, alikataa kuvua koti, alikaa ukingoni mwa kiti. Alianza kwa kusema, "Sikuja kugombana, Bernadine. Nimekuja kukuomba." Mama akadhani ni habari ya boneti, akaharakisha kusema atalipaka rangi, Rodney atalipaka wiki hii hii. Yvonne akatikisa kichwa. "Si rangi, ni gari lenyewe," akasema. Basi Mama akasema sawa. Hakumwambia habari ya maili, hakumwambia habari ya safari. Baada ya wiki akampigia simu kumwambia siku ya kulisaga, asije akalala akiwaza kwamba limeuzwa kwa mtu mwingine wa mji huu huu na atakutana nalo tena. Ndiyo maana hakutaka mnada. Na Yvonne alikuja. Walisimama wawili pembeni ya uzio, mbalimbali kidogo, ile mashine ikalinyanyua na kulibana mpaka likawa kama godoro lililokunjwa. Teksi ya Mama haikuja. Yvonne ndiye aliyempa lifti. Walipofika kwenye kibao cha kusimama, mbele ya nyumba yake mwenyewe, Yvonne alisimama muda mrefu ingawa barabara ilikuwa tupu, kisha akampeleka Mama hadi mlangoni. Mama akamwambia asante ya lifti. Yvonne akajibu, "Haya."

Nilimuuliza Mama kwa nini hakumwambia. Angemweleza tu lile gari ni la nini, Yvonne ana moyo, pengine angesema basi, litumie. Mama aliacha kupanda. Alikaa juu ya visigino, akajifuta udongo kwenye aproni, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akasema, "Ningemwambiaje, Janelle? Kwamba mimi bado nina wa kumtembelea?"

Nilipiga magoti kando yake nikaanza kumpa vitunguu.

Akanikataza nisikuambie. Alisema una mzigo wako, usiongezewe wa mtu mwingine, na kwamba ukimkasirikia yeye ni afadhali, hasira dhidi ya mama haimuui mtu. Akasema mkataba ni miaka mitatu, na miaka mitatu ndiyo iliyobaki mpaka usimame mbele ya bodi ya kuwaachilia wafungwa, kwa hiyo vitakwisha pamoja. Alilisema hilo kama mtu aliyepata bei nzuri sokoni. Hakusema atakuwa na miaka mingapi wakati huo, wala daktari alimwambia nini mwezi wa kwanza kuhusu moyo wake. Hilo pia hukuambiwa. Si la kufa kesho. Lakini si dogo.

Nimemwasi. Nimekaa na jambo hili siku kadhaa na nimeona siwezi kukuacha uendelee kufikiri kwamba mama yetu alikuuza kwa viti vyenye joto. Sikuambii ili uumie, ingawa utaumia, na siwezi kusema uongo kwamba hilo linaninyima usingizi. Unajua kwa nini sijaja kukuona. Micah ndiye aliyemfundisha Kirsten kusimama kwenye barafu kwa viatu vya kutelezea, akimshika kwa mikono miwili na kurudi kinyumenyume, majira yote ya baridi. Kirsten ana miaka kumi na miwili sasa na jina lako halitaji. Mimi nalitaja, lakini likitoka linaniacha na ladha mbaya. Nilikuwa na gari zima muda wote huu, Garrett. Mama akilala nyuma ya kituo cha mafuta, gari langu lilikuwa limelala gereji. Sikuwahi kuligeuza kuelekea kaskazini.

Ndiyo maana nimezungumza na Rodney. Jumamosi ya kwanza ya Juni nitamleta Mama kwa gari langu, na tutaendelea hivyo kila mwezi, mbali na zile safari nne za kwake. Gari langu nalo lina kikomo cha maili, zitakazozidi tutazilipa. Rodney amenung'unika robo saa, kisha akaenda kuangalia upepo wa magurudumu. Mama nimemwambia kwamba nina shughuli ya kikazi huko. Amejifanya kuamini.

Nina maombi mawili. La kwanza, ukimpigia Jumapili, omba radhi kwa maneno uliyomwambia, lakini sababu usiiguse. Asijue kwamba unajua. Mwache na hicho kitu chake. Ni chake, alikilipia. La pili, siku hiyo ya Juni, Mama atakapoingia chumba cha wageni, usimuulize niko wapi. Nitakuwa nje kwenye maegesho, ndani ya gari, na redio. Saa zote atakazokaa nawe nitakuwa pale. Siahidi kwamba nitaingia. Sijui kama nitaweza, na sitaki uwe unatazama mlango wakati yeye anazungumza nawe. Mtazame yeye.

Basi, mdogo wangu, nikomee hapa. Chakula cha jioni hakijapikwa na mbwa wa jirani amelala juu ya nyasi nilizotaka kukata. Jitunze kifua. Vaa ile fulana nene hata kama kumeanza joto, huko kwenu baridi hurudi. Rodney anakusalimu na anasema timu yetu mwaka huu ni mbovu kuliko mwaka jana, usijisumbue kuitazama. Wasalimie wenzako wanaokufanyia wema, kama wapo.

Dada yako,
Janelle